Kasha la kupima uivu wa embe kwa mwanga: kundi la kwanza asilimia 96, kundi la pili aibu tupu

KashaJeusi:

Wakuu, salaam. Naomba macho ya watu wengine, yangu yameshachoka.

Nimeunda kasha la kuangalia matunda kwa mwanga wa mawimbi tofauti. Nia yangu ni kujua embe limefikia wapi bila kulibonyeza, kulitoboa wala kulikata. Ndani kuna kamera ya picha za kijivu, isiyo na kile kioo cha kuzuia infraredi (mwanga ulio ng'ambo ya mwekundu, macho yetu hayauoni), na taa ndogo za LED za aina nane, kwa urefu wa wimbi la mwanga wake: nanomita 520, 590, 630, 670, 720, 780, 850 na 940. Zinawaka kwa zamu, aina moja baada ya nyingine, na kamera inapiga picha moja kila zamu. Mwisho wa mzunguko nina picha nane za embe lilelile ambalo halijasogea hata kidogo. Kuta za ndani nimezifunika kwa kitambaa cheusi ili mwanga usirukeruke.

Nilianza na maembe 60 ya aina moja, yaliyochumwa siku moja. Siku ya kwanza nikayapiga picha yote, nikayaandika "bichi". Siku ya tano nikarudia, "yanaelekea". Siku ya tisa, "bivu". Hizo ni seti 180. Nikazichanganya kama karata, robo tatu nikafundishia modeli (programu inayojifunza kutokana na mifano), robo iliyobaki nikapimia. Ikapata asilimia 96. Usiku ule sikulala, nilikuwa naandika kichwani hotuba ya shukrani.

Wiki tatu baadaye nikaleta kundi la pili, maembe 40, na safari hii makusudi yamechanganyika: mengine magumu kama jiwe, mengine yameiva tayari. Yote nikayapiga asubuhi moja. Kasha likasema karibu yote ni mabichi. Kuna moja lilikuwa laini kiasi kwamba ukilishika linabaki na alama ya kidole, harufu imejaa chumba, na kasha linasema "bichi" kwa uhakika wa 0.98. Nikalikata palepale mbele ya kamera, kama naliaibisha vile. Nyama ya rangi ya chungwa, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko.

Nifanyeje? Nibadilishe modeli? Niongeze matunda? Au infraredi ya nanomita 940 haitoshi, natakiwa niende mbali zaidi?

kidole_gumba:

Pole mkuu. Kidole gumba hakina uhakika wa 0.98 lakini pia hakihitaji chaji. Mimi nabonyeza karibu na kikonyo, nanusa, naondoka.

mpima_nuru:

kidole_gumba, tatizo la kidole chako ni kwamba kinapima tunda kwa kuliumiza, na nyuma yako kuna watu wengine ishirini wenye vidole. Ukirudi keshokutwa utakuta doa jeusi mahali ulipobonyeza.

KashaJeusi, usiguse modeli kwanza. Nijibu haya. Siku ya kwanza na siku ya tisa, taa zilikuwa zimewaka kwa muda gani kabla hujaanza? Maembe yalikaa juu ya nini? Rejea nyeupe, ile picha ya kitu cheupe cha kulinganishia mwanga, ulipiga lini? Na zile seti 180 ulizichanganya kwa embe au kwa picha?

KashaJeusi:

Asante kwa kujitokeza. Nitajibu kwa ukweli hata kama unaniumbua.

Siku ya kwanza niliwasha nikaanza hapohapo, nilikuwa na haraka ya kuona. Siku ya tisa kasha lilikuwa linawaka tangu asubuhi, kuna jamaa alikuja kulitazama. Maembe yalikaa kwenye trei ya karatasi ngumu, moja siku zote. Rejea nyeupe ni karatasi ya kuchapishia, niliipiga mara moja siku ya kwanza nikaitumia hadi mwisho. Kuchanganya nilichanganya kwa picha.

Kundi la pili niliwasha nikaanza, kama siku ya kwanza. Trei mpya.

mpima_nuru:

Basi fanya jaribio hili, halafu urudi hapa. Kwenye kila picha ya kundi la kwanza, futa embe. Bakiza trei na kitambaa tu, pale embe lilipokuwa weka sifuri, umbo moja la duara kubwa kwa picha zote ili hata ukubwa wa tunda usionekane. Fundisha modeli ileile upya, kwa lebo zilezile.

KashaJeusi:

Nimerudi.

Asilimia 93.

Bila embe hata moja. Modeli inatazama trei tupu inajua kama embe ambalo halipo limeiva. Nimekaa nimeangalia ukuta kwa muda.

Nilipozikuza picha ndipo nikaona. Trei ya siku ya tisa ina madoa ya utomvu na maji ya maembe, siku ya kwanza ilikuwa safi. Halafu kile kitambaa "cheusi": kwenye picha ya 520 ni cheusi kweli, kwenye 850 kinang'aa kijivu cheupe kama shuka.

mpima_nuru:

Karibu chamani. Mimi nilishawahi kufundisha mashine kutambua joto la chumba nikidhani naifundisha pichi, na ilinichukua msimu mzima kugundua. Wewe umegundua kwa usiku mmoja.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye kundi lako la kwanza, "bichi" ni jina lingine la siku ya kwanza na "bivu" ni jina lingine la siku ya tisa. Kitu chochote kilichobadilika kati ya siku hizo mbili, modeli ina haki ya kukitumia, na madoa ya trei ni rahisi kuyasoma kuliko ganda la embe. Taa nazo zimechangia. LED ikipata joto mwangaza wake hupungua na kilele cha wimbi lake husogea kidogo kuelekea mawimbi marefu. Kwa taa ya 670 hilo si dogo, kwa sababu pale ndipo umbijani (klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea) unapomeza mwanga kwa nguvu, na kilele kikisogea hata kidogo kiasi kinachomezwa kinabadilika. Taa baridi, trei safi: bichi. Taa moto, trei chafu: bivu. Kundi la pili ulilipiga kwa taa baridi na trei mpya, ukajibiwa ulivyofundisha.

Kitambaa usijilaumu. Rangi nyingi za vitambaa na hata rangi za kupaka ni nyeusi kwa macho yetu tu, mwanga wa infraredi ya karibu unazirukia na kurudi. Kabla ya kununua chochote cheusi, kiweke mbele ya kamera na uwashe 850.

Na kuchanganya kwa picha ni kosa la peke yake hata kama yote haya yasingekuwepo. Embe namba 17 likiwa siku ya kwanza kwenye mafunzo na siku ya tano kwenye mtihani, modeli inakutana na sura inayoifahamu: kovu lilelile, nukta zilezile za ganda. Tenga embe zima. Bora zaidi, tenga kundi zima. Chuo Kikuu cha Central Queensland, Australia, kimeweka wazi data ya spektra (vipimo vya mwanga kwa mawimbi mengi yanayofuatana) za maembe zaidi ya 11,000 zilizokusanywa kwa misimu minne, na njia inayotumika sana kuipima modeli kwa data ile ni kufundisha kwa misimu mitatu ya mwanzo na kutahini kwa msimu wa nne. Ukitahini kwa msimu uleule, kila mtu ni fundi.

kidole_gumba:

Haya nimekaa chini nasoma. Swali la mjinga: hilo kasha linaona nini hasa? Embe linaiva ndani, yeye anapiga picha nje.

mpima_nuru:

Hilo si swali la mjinga, ndilo swali lenyewe.

Kamera haioni uivu. Inaona mwanga uliorudi baada ya kuingia milimita chache na kugongana na vitu. Ganda bichi limejaa umbijani, na umbijani unameza mwekundu wa karibu nanomita 670 hadi 680. Embe linapoiva umbijani unavunjika, kwa hiyo mwanga mwingi zaidi wa 670 unarudi. Pale 720 umbijani unameza kidogo, na 780 karibu hauguswi kabisa. Ukilinganisha wimbi linaloguswa na jirani yake lisiloguswa sana, unapata kipimo cha umbijani uliobaki.

Kuna hesabu moja mashuhuri iliyotoka Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, walioanza nayo kwenye pichi na nektarini: ufyonzaji wa 670 ukitoa ufyonzaji wa 720. Ufyonzaji ni logi (ya msingi wa kumi) ya moja kugawanya kwa mwakisiko, yaani sehemu ya mwanga iliyorudi. Chukua mfano wa kubuni. Embe bichi linarudisha 0.05 ya mwanga wa 670 na 0.40 ya 720. Logi zake ni 1.30 na 0.40, tofauti 0.90. Linapoiva, tuseme linarudisha 0.30 na 0.50. Logi ni 0.52 na 0.30, tofauti 0.22. Namba moja, inashuka jinsi tunda linavyoiva, na huhitaji modeli ya kina kuisoma.

Utamu wa hesabu hii ni mahali pengine. Embe ni la mviringo, ukingoni mwanga hufifia. Lakini kama ukingo unapunguza 670 kwa nusu na 720 kwa nusu, ile nusu inajifuta yenyewe kwenye tofauti ya logi. Kivuli cha umbo kinatoweka. Kisichotoweka ni mng'ao, ile nukta nyeupe inayometameta juu ya ganda la nta. Mwanga ule haukuingia ndani ya tunda, umeteleza juu tu, nao unajumlisha kiasi kilekile kwenye mawimbi yote mawili, na kitu cha kujumlisha hakijifuti kwa kugawanya. Kwa hiyo pikseli za mng'ao zitupe. Wengine huweka plastiki ya polaraizesheni (inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) kwenye taa na nyingine iliyogeuzwa nyuzi 90 kwenye lenzi, na inafanya kazi vizuri kwenye mwanga unaoonekana. Ila zile plastiki za bei rahisi zikifika 850 zinakuwa kama kioo cha dirisha, haziui kitu. Usije ukasema sikukuambia.

Kuhusu ndani na nje umegusa penyewe. Embe huanza kuiva karibu na kokwa na kuja nje, kwa hiyo ganda ni la mwisho kupata habari. Na yapo maembe, Keitt kwa mfano, ambayo yanaweza kuiva kabisa na ganda likabaki la kijani. Kwa aina hiyo kipimo cha umbijani wa ganda kitakudanganya mchana kweupe.

mama_ghala:

Naingilia, wanangu. Mimi si mtu wa kamera, nimekaa kwenye upangaji wa matunda miaka mingi na nimeona mashine za namna hii zikija na kuondoka.

Mnachanganya mambo mawili. Kupevuka na kuiva. Embe lililopevuka ni lile lililomaliza kukua mtini, ukilivundika litaiva na litakuwa tamu. Embe lisilopevuka ukilivundika litalainika, litageuka rangi hata, lakini likifika mdomoni ni maji na uchachu. Tuliletewa mashine na kampuni moja, sitaitaja, ikatupangia maembe kwa rangi ya shavu. Yenye shavu jekundu yakaenda daraja la juu. Malalamiko yakaja kama mvua. Shavu jekundu ni habari ya jua, tawi gani lilikuwa juani na lipi kivulini. Halisemi kama embe limepevuka.

Sisi kipimo tulichoamini cha kupevuka ni kukata kipande cha nyama, kukipima uzito, kukikausha kwenye tanuri la joto la nyuzi sitini na kitu hadi uzito usishuke tena, kisha kupima kilichobaki. Kwenye embe linalochumwa, sukari ya baadaye bado ni wanga. Ukikamua tone ukaliweka kwenye refraktomita, kile kifaa cha kupima sukari ya maji ya tunda, linakupa Briksi (namba ya sukari hiyo) ya chini na unadhani embe halifai, kumbe utamu wote umo ndani umejificha kwenye wanga. Kile kikavu kinahesabu wanga na sukari pamoja, kwa hiyo kinakuambia embe litakuwa tamu kiasi gani likishaiva. Parachichi ni hivyohivyo, tena lenyewe haliivi likiwa mtini. California wanataka parachichi aina ya Hass ifikie asilimia 20.8 ya kikavu ndipo ichumwe.

KashaJeusi mwanangu, unataka kasha likuambie lipi kati ya hayo? Maana "bichi" yako sijui ni ipi.

KashaJeusi:

Mama, shikamoo. Umenikamata. Niliandika "bichi" kwa kuhesabu siku. Sikupima kitu. Embe la siku ya tano niliandika "yanaelekea" kwa sababu ilikuwa siku ya tano.

Sasa kama kikavu ndicho kipimo cha kweli cha kupevuka, je, 850 na 940 nilizonazo haziwezi kukiona? Nimesoma kwamba sukari na maji vina alama zake kwenye infraredi.

mama_ghala:

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye infraredi nawaachia wenyewe.

mpima_nuru:

Alama zipo, ila sikiliza namna zilivyo. Maji yana mkanda mpana (eneo la mawimbi yanayomeza) karibu na 970, mwingine karibu na 1200, mwingine mkubwa karibu na 1450. Sukari na wanga vina mchango mdogo karibu na 910 hivi. Embe kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo maji yanapiga kelele na sukari inanong'ona kwenye chumba kilekile, na wewe umeweka masikio mawili tu, 850 na 940.

Karl Norris, yule wa Beltsville, Marekani, wanayemwita baba wa vipimo vya infraredi ya karibu, ndiye aliyewaonyesha watu kwamba mikanda hii inapandana kiasi kwamba huwezi kuchukua wimbi moja ukalipa jina la kitu kimoja. Unahitaji mawimbi mengi yanayofuatana na hesabu ya kuyatenganisha. Vifaa vya mkononi vinavyotumika mashambani huko Australia kupima kikavu cha embe vinasoma spektra nzima ya eneo la infraredi ya karibu ambalo silikoni, yaani kihisi cha kamera za kawaida, bado inaliona, si taa nane. Tena haviangalii mwanga uliorudi juu ya ganda. Vinamulika sehemu moja, vinaziba mwanga wa juu kwa kivuli, na kusoma mwanga uliozunguka ndani ya nyama ukatokea pembeni. Ndiyo maana vinapata habari za ndani ambazo kasha lako halipati. Na hata hivyo vinasumbuliwa na joto: tunda lililotoka kwenye baridi na tunda la juani, mkanda wa maji unasogea na jibu linasogea nalo. Dawa yake ni kufundisha kwa matunda ya joto tofauti tangu mwanzo.

Swali lako la kwanza la kwenda mbali zaidi: ukivuka takriban 1,100 silikoni inakuwa kipofu, unahitaji kihisi cha aina nyingine ambacho bei yake itakufanya uuze kasha na meza iliyokaa. Na mwanga wa huko unamezwa na maji haraka zaidi, unaingia kina kidogo kuliko ule wa 800. Watu wanadhani infraredi ndefu ndiyo inaona ndani. Kwa tunda ni kinyume.

Rai yangu: kasha lako liache lifanye kazi linayoiweza. Liseme embe lililopevuka limefika wapi katika safari ya kuiva, kwa aina ya embe ambayo ganda lake hubadilika. Kikavu kiachie kifaa cha aina nyingine. Na jiulize kama unahitaji picha kweli, au kipimo cha nukta moja kinatosha. Picha ina maana pale tunda lisipofanana pande zote.

kidole_gumba:

Kwa hiyo ili apate kasha lisilokata matunda, inabidi akate matunda?

mpima_nuru:

Mengi. Hakuna njia ya kuikwepa. Kila embe la kufundishia lipigwe picha, kisha lipimwe ugumu kwa penetromita (kifaa cha kuchoma tunda na kupima nguvu inayohitajika) palepale kamera ilipoangalia, likamuliwe, likaushwe. Wanaoandika "bila kuharibu" huwa hawaandiki idadi ya yaliyoharibiwa kwanza.

KashaJeusi:

Narudi baada ya mwezi na siku kadhaa. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nakata maembe.

Nilichobadilisha. Taa sasa zinapashwa kwa kuwaka zote nusu saa kabla ya picha ya kwanza. Kila baada ya maembe kumi napiga giza, yaani kamera imefunikwa, na nyeupe, kipande kinene cha tefloni, si karatasi. Karatasi niliiweka juu ya kitu chenye mistari nikawasha 850, mistari ikaonekana kwa chini. Nilicheka peke yangu. Kila pikseli sasa ni picha kutoa giza, kugawanya kwa nyeupe kutoa giza.

Kitambaa nimekitupa. Nilijaribu vitu vyeusi vingi hadi nikapata sponji moja nyeusi inayobaki nyeusi hadi 940. Trei hakuna tena, embe linakaa juu ya pete tatu za sponji hiyohiyo, na kabla ya kufundisha nakata kila kitu kisicho embe.

Kitu ambacho hamkuniambia: lenzi. Nilikuwa nimeifokasi kwa 590, na picha ya 940 ilikuwa na ukungu. Ukingo wa embe wa 940 haukukaa juu ya ukingo wa 590. Sasa nafokasi kwa 720, katikati, na kuziba tundu la lenzi kidogo ili zote ziwe na nafuu. Pikseli za ukingoni kabisa nazitupa.

Maembe niliyaleta kwa mafungu, fungu jipya kila siku tatu, ili siku yoyote ninayopiga picha mezani kuna magumu, ya kati na malaini. Lebo si siku tena, ni ugumu kwa penetromita. Makundi matatu ya kufundishia, kundi la nne sikuligusa hadi mwisho.

Kwanza nikarudia jaribio la kufuta embe. Modeli ikabahatisha tu, kama mtu anayerusha sarafu ya pande tatu. Sijawahi kufurahia matokeo mabaya kiasi kile.

Kisha kundi la nne, maembe 36. Limepatia 27. Si 96, najua. Nikayapanga yale tisa yaliyokosewa mezani kwa mstari, na nikaona kabla sijamaliza kuyapanga: saba yana shavu jekundu, na nilikuwa nimeyalaza shavu likitazama kamera. Yote saba ni magumu, yote saba kasha limesema yameiva. Nilimkumbuka mama_ghala na malalamiko yake kama mvua.

mama_ghala:

Nilikuambia habari ya shavu.

mpima_nuru:

Rangi nyekundu ya shavu inameza sana upande wa 520 hadi 590 na kidogo sana 670. Ondoa 520, 590 na 630 kwenye modeli. Bakiza 670, 720 na 780. Usifundishe kitu kikubwa, chora tu namba ya 670 na 720 dhidi ya ugumu.

KashaJeusi:

Nimefanya jana usiku, na kwa kuwa kundi la nne sasa nimeshalichungulia, nikalijaribu kwa kundi la tano, maembe 30. Limepatia 26. Manne yaliyobaki yako mpakani kati ya "kati" na "laini", hata penetromita yenyewe upande mmoja inasema hivi, upande wa pili vile. Kwa hiyo sasa nalizungusha embe na kupiga pande mbili.

Modeli ya awali ilikuwa na faili kubwa hadi kompyuta inapumua. Hii mpya ni mstari mmoja na vizingiti viwili, nimeviandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha kasha.

kidole_gumba:

Hayo mengine uliyokata yako wapi?

KashaJeusi:

Yamekaushwa mkuu. Nina mtungi mzima wa vipande vya gramu tano tano vyenye namba. Ukija nitakupa namba 17.